Kuzaliwa na Baka si Kulirithi

Je, mabaka mekundu ambayo baadhi ya watoto huzaliwa nayo usoni, shingoni au miguuni hutokana na ukoo? Swali hili laonekana kuwa la daktari peke yake. Kwa hakika ni swali pia la mzee anayeposa, la baba anayemtazama mwanawe kwa jicho la shaka, na la mwalimu wa biolojia anayeulizwa darasani jambo ambalo kitabu chake cha kiada hakikuligusia. Aghalabu hujibiwa kwa haraka na kwa yakini isiyostahili: "Naam, yamo katika damu yao." Makala haya yanadai kwamba jibu hilo, mara nyingi, si la kweli. Isitoshe, yanadai kwamba chanzo cha kosa si uhaba wa elimu ya tiba tu, bali pia namna tunavyolitumia neno "kuzaliwa."

Tuchukue mfano wa Lwakhakha, mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Bungoma. Mto wenye jina hilohilo huteremka kutoka Mlima Elgon na kuzitenga Kenya na Uganda, lakini hauzitengi koo. Mbukusu wa ng'ambo hii na Mmasaaba wa ng'ambo ile huoana, huzikana na hufanya biashara katika soko moja. Mahali kama hapa, ukoo si jambo la mazungumzo ya jioni tu. Ukoo ndio unaoamua nani aweza kumwoa nani, kijana atarithi shamba lipi na mtoto atapewa jina la mhenga yupi. Kabla ya posa kukubaliwa, wazee huuliza habari za jamaa ya upande wa pili: wana ugonjwa gani, wana sifa gani, kuna jambo gani linalofichwa. Ikiwa bibi harusi mtarajiwa ana baka la rangi ya damu ya mzee shavuni, au nduguye mdogo analo, yamkini neno litanong'onwa na posa ikavunjika. Kwa hiyo kuna watu wanaoumia kwa sababu ya jibu lisilo sahihi.

Tuanze na lugha, maadam ndiyo taaluma ya mwandishi. Kiswahili husema: "Mtoto huyu amezaliwa na mama Mganda." Husema pia: "Mtoto huyu amezaliwa na baka." Sentensi hizi mbili zina umbo moja. Hata hivyo, "na" ya kwanza humtaja aliyetenda, yaani mzazi, na "na" ya pili hutaja kilichoandamana na mtoto alipokuja duniani. Msikilizaji asiye mwangalifu huhama kutoka maana moja hadi nyingine pasipo kujua. Kinachoandamana na mtoto hudhaniwa kuwa kimetoka kwa mzazi. Hivyo, "ya kuzaliwa nayo" hugeuka ikawa "ya kurithi," ilhali haya ni mambo mawili. Mtu huweza kuzaliwa na kitu ambacho hakukirithi kwa mama wala kwa baba, wala kwa yeyote katika nasaba yake.

Maneno yenyewe tunayoyatumia kuitaja alama hiyo pia hayana huruma. "Waa" na "doa" ni rangi iliyoingia mahali pasipo pake, lakini pia ni aibu. Twasema jina la fulani limetiwa doa, au tabia yake haina waa. Mtoto mwenye alama shavuni huitwa kwa neno lilelile tunalolitumia kwa mla rushwa. Ndiyo sababu mwandishi huchagua neno "baka," ambalo halikubeba mzigo huo.

Waswahili hawako peke yao. Ukizichunguza lugha za dunia utaona kwamba nyingi humtia mama hatiani. Kijerumani huiita alama ya kuzaliwa "Muttermal," yaani alama ya mama. Kiholanzi husema "moedervlek," waa la mama. Kifaransa huiita "envie," Kihispania "antojo," na Kiitaliano "voglia," na maana ya maneno hayo matatu ni hamu au uchu. Katika Kiarabu, neno "wahma" lina mzizi mmoja na neno lenye maana ya hamu ya chakula inayomjia mwanamke mjamzito. Watu waliotengana kwa bahari na kwa dini walifikia dhana moja: mama alitamani tunda fulani, hakulipata, na tamaa yake ikapigwa mhuri juu ya ngozi ya mwanawe.

Wasomi nao waliwahi kuiamini dhana hiyo. Mnamo 1714 tabibu Daniel Turner wa London alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya ngozi, na humo alishikilia kwamba mawazo ya mama mjamzito huweza kumtia mtoto alama. Mnamo 1727 tabibu mwenzake, James Blondel, alimpinga kwa maandishi, nao wakabishana hadharani. Sayansi ilimpa ushindi Blondel. Si uchu wa mama, si mshtuko alioupata, wala si kupatwa kwa mwezi kunakolifanya baka. Mama wa mtoto mwenye baka hakufanya kosa lolote.

Lakini mtu anayekubali kwamba uchu wa mama si chanzo huweza kukimbilia kwenye dhana ya pili, ambayo ina sura ya kisayansi zaidi: basi ni urithi. Atatoa ushahidi. Atasema kwamba mtoto ana alama kisogoni, na shangazi yake naye alikuwa na alama kisogoni. Wawili katika ukoo mmoja, tunataka nini tena?

Hapa mwanaisimu ana la kusema, kwa kuwa kazi yake ya kila siku ni kuutathmini ushahidi wa aina hii. Tunapoona lugha mbili zikifanana, tunauliza swali moja kabla ya yote: je, kufanana huku kumetokana na urithi, na kuazima, au na sadfa? Lubukusu husema "omundu," Lumasaaba husema "umuntu," na Kiswahili husema "mtu." Huo ni urithi, kwani mfanano huu unajirudia kwa utaratibu katika mamia ya maneno ya lugha za Kibantu. Lubukusu husema "sitabu" na Kiswahili husema "kitabu." Hapo hakuna urithi, neno limetoka Kiarabu na likapokewa njiani. Na kuna ajabu ya tatu. Katika Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland nchini Australia, mbwa aliitwa "dog," sawasawa na Kiingereza, ingawa lugha hizo mbili hazina nasaba yoyote na neno hilo halikuazimwa. Ni sadfa tupu. Mwanafunzi wa isimu anayesahau uwezekano wa sadfa ataunda nasaba za lugha ambazo hazikuwahi kuwapo.

Vivyo hivyo kwa mabaka. Kadiri alama inavyokuwa ya kawaida, ndivyo sadfa inavyokuwa rahisi. Waa jepesi la waridi linaloonekana kisogoni, katika kope au katikati ya paji la uso hupatikana kwa sehemu kubwa sana ya watoto wachanga, ingawa kwenye ngozi nyeusi huwa gumu kuonekana. La usoni hufifia kadiri mtoto anavyokua; la kisogoni huweza kudumu likafunikwa na nywele. Ikiwa alama ni ya kawaida kiasi hicho, basi katika ukoo wenye watu hamsini hatuna budi kuwaona kadhaa walio nayo, hata kama hakuna aliyemrithisha mwenzake. Kuwapata wawili si ushahidi wa kutosha.

Ni lazima basi tuzitenge alama hizi, kwa maana hazina asili moja. Ya kwanza ni hiyo ya waridi tuliyoitaja. Ya pili ni uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu. Huu kwa kawaida hauonekani siku ya kuzaliwa, au huonekana kama kidoa hafifu tu. Hujitokeza katika majuma ya mwanzo, hukua kwa kasi kwa miezi kadhaa, kisha hunywea polepole kwa miaka. Hukadiriwa kuwapata watoto wanne au watano katika kila mia, zaidi wasichana na waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Ndugu wa mtoto mwenye uvimbe huu wana uwezekano uliozidi kidogo wa kuupata, lakini visa vingi hutokea katika familia ambamo hapana mwingine aliyewahi kuwa nao.

Ya tatu ndiyo inayozua maneno mengi zaidi: baka bapa la rangi ya damu ya mzee, ambalo huwapo tangu siku ya kuzaliwa, halifutiki, na hupanuka kadiri mwili unavyopanuka. Hupatikana kwa takriban watoto watatu katika kila elfu moja. Chanzo chake ni vijishipa vidogo vya damu vilivyo chini ya ngozi, ambavyo vimetanuka kupita kiasi. Mikhail Gorbachev, aliyeiongoza Muungano wa Sovieti tangu 1985 hadi 1991 na kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mnamo 1990, alikuwa na baka la namna hii juu ya kipara chake. Katika baadhi ya picha rasmi za mwanzo wa utawala wake baka hilo lilifutwa. Hata dola kubwa ililionea haya.

Lilikotoka baka la namna hii lilijulikana hasa mnamo Mei 2013, wanasayansi nchini Marekani walipochapisha matokeo ya uchunguzi wao. Walichukua ngozi yenye baka na ngozi isiyo na baka kutoka kwa watu walewale, wakazilinganisha. Katika jeni moja iitwayo GNAQ waliona badiliko la herufi moja tu. Badiliko hilo lilikuwamo katika ngozi yenye baka. Kwa kawaida halikuonekana katika ngozi safi ya mtu yuleyule. Lau baka lingekuwa la kurithi kwa njia ya kawaida, badiliko lingekuwa katika kila seli ya mwili, toka unyayo hata utosi, kwani mwili mzima hutokana na yai moja lililorutubishwa.

Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili kwa mfano wa miswada ya kale. Tuseme utenzi umeandikwa kwa mkono, ukanakiliwa na wanafunzi kumi, na kila mmoja wao akanakiliwa na wengine kumi. Kosa likiwa katika muswada wa asili, litaonekana katika nakala zote. Lakini ikiwa mwanafunzi wa saba ndiye aliyekosea herufi, kosa litakuwa katika nakala zilizotokana na nakala yake peke yake. Nyingine zote zitakuwa safi. Mwili wa kiinitete hujinakili hivyo. Seli moja huwa mbili, mbili huwa nne, na jeni zote hunakiliwa kila mara. Kosa dogo linapotokea katika seli moja baada ya mimba kutungwa, wazao wa seli hiyo tu ndio watakaolibeba. Baka la shavuni ni ukurasa wa mwanakili mmoja. Mama hakuuandika, na baba hakuuandika.

Ndiyo maana pacha wa kufanana, Mukhwana na Mulongo kama Wabukusu wanavyowaita, waweza kutofautiana, mmoja akawa na baka na mwenziwe asiwe nalo, ingawa walitoka katika yai moja. Na ndiyo maana mtu mwenye baka la aina hii kwa kawaida hana haja ya kuogopa kuzaa. Badiliko lililomo katika ngozi ya shavu halimo katika mbegu zake za uzazi.

Je, basi hakuna alama za mishipa ya damu zinazorithiwa? Zipo, na mwandishi hataki kulitia chumvi jambo. Zipo familia chache ambamo alama hurithiwa kwa njia ile aliyoieleza Mendel kwa njegere zake mnamo 1866, yaani kila mtoto wa mzazi aliye na jeni hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Mnamo 1996 ilitambuliwa jeni inayosababisha aina moja ya hitilafu ya vena inayoonekana kwenye ngozi na mdomoni katika baadhi ya familia. Mnamo 2003 watafiti wa Brussels na wenzao walitambua kwamba jeni iitwayo RASA1 ndiyo inayosababisha alama za aina nyingine. Dalili zake ni hizi: alama huwa nyingi badala ya moja, huwa ndogo, za mviringo, zimetapakaa mwilini, na mara nyingine huzungukwa na ukingo mweupe. Jambo hili si la urembo tu. Baadhi ya wenye jeni hiyo huwa na mishipa iliyoungana vibaya ndani ya mwili, hata ubongoni au kwenye uti wa mgongo, na hustahili kuchunguzwa hospitalini mapema.

Hapo ndipo mtu anapoweza kuuliza kuhusu ukoo kwa haki. Asiulize "Nani mwingine ana alama?" bali aulize: "Ni alama za aina gani, ni ngapi, na je, za jamaa zake zafanana nazo kweli?" Ni swali lilelile la mwanaisimu. Mfanano mmoja hauthibitishi nasaba. Mfanano wa utaratibu ndio unaostahili kuchunguzwa.

Kosa la kuchanganya kuzaliwa na kurithi lina madhara mengine ambayo hayasemwi sana. Kuna baba ambaye hulitumia baka kama cheti. Mtoto akiwa na alama kama yake, humkubali. Asipokuwa nayo, humtilia mamake shaka. Mahali ambapo ardhi hurithiwa kwa ukoo wa baba, shaka kama hiyo huweza kumnyima kijana shamba na hata jina. Kwa yote tuliyoyaeleza, baka la rangi ya damu ya mzee haliwezi kumthibitisha baba wala kumkanusha. Jina la mhenga hurithishwa kwa uamuzi wa wazee walioketi na kukubaliana. Baka halikuamuliwa na mtu, na halimshuhudii mtu.

Madhara ya pili ni ya kiafya. Anayeamini kwamba alama ni "ya kwao" hukaa nyumbani, kwani ya ukoo hayatibiwi. Kumbe yapo yanayohitaji haraka. Baka bapa likiwa kwenye paji la uso au ukope, mtoto anaweza kuwa na ugonjwa ulioelezwa na madaktari William Allen Sturge mnamo 1879 na Frederick Parkes Weber mnamo 1922, ambao huandamana na kifafa na shinikizo ndani ya jicho linaloweza kupofusha. Ugonjwa huu nao haurithiwi. Una badiliko lilelile la jeni ya GNAQ, isipokuwa limegusa pia mishipa ya ubongo. Mtoto wa namna hiyo akianguka kifafa darasani, si mapepo, wala si laana ya nyumba yao. Vilevile, uvimbe mwekundu unaokua karibu na jicho huweza kuliziba na kuudhuru uwezo wa kuona. Mnamo 2008 madaktari wa Bordeaux nchini Ufaransa waliripoti kwamba dawa ya moyo ya miaka mingi, propranolol, huunyweza uvimbe huo. Dawa hiyo hutolewa kwa uangalizi wa daktari, na hufaa zaidi mtoto akiwa bado mchanga. Mwaka unaopotea kwa kubishana kuhusu nasaba ni mwaka wa matibabu.

Kuna ugumu mmoja wa kweli: vitabu vingi vya ngozi vimejaa picha za ngozi nyeupe, na baka linaloelezwa humo kuwa jekundu huonekana la zambarau au jeusijeusi kwenye ngozi yetu. Mnamo 2020 Malone Mukwende, wakati huo mwanafunzi wa udaktari mjini London na mzaliwa wa Zimbabwe, alishirikiana na wahadhiri wake kutoa kijitabu cha dalili za maradhi kwenye ngozi nyeusi ili kuliziba pengo hilo. Hapa Afrika Mashariki, kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichoko Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafunza watabibu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mapema katika miaka ya 1990. Na tusisahau kwamba baka la buluu-kijivu matakoni au kiunoni, ambalo watoto wetu wengi huzaliwa nalo, si la mishipa ya damu hata kidogo, wala si jeraha la kipigo. Hilo ni rangi ya ngozi, na kwa kawaida hufifia.

Mwalimu afanye nini? Kwanza, anapofundisha urithi asikomee kwenye njegere na rangi ya macho. Awaambie wanafunzi kwamba yapo mabadiliko ya jeni yanayopita kwenye mbegu za uzazi, na yapo yanayotokea mwilini baada ya mimba kutungwa, yakaishia kwa mwenye mwili huo. Mabaka ya mishipa ya damu ni mfano bora wa aina zote mbili, na ni mfano ambao mwanafunzi aweza kuwa ameuona kwa macho yake. Pili, amkataze yeyote kumwita mwenziwe kwa alama yake. Jina la utani lililotokana na baka huandama mtu hadi uzeeni. Tatu, akimwona mtoto mwenye baka juu ya jicho, au mwenye vialama vingi vilivyotapakaa, au mwenye uvimbe unaotoka damu, azungumze na wazazi kwa upole na awashauri waende hospitali. Tena azungumze nao wote wawili, asimwite mama peke yake kana kwamba ndiye mshtakiwa.

Wanafunzi nao wana wajibu. Wao ndio watakaorudi nyumbani Lwakhakha, Sirisia au Kitale na kuketi karibu na wazee siku posa inapojadiliwa. Waweza kuuliza kwa heshima: "Wazee wetu, baka hili alizaliwa nalo, au alilirithi?" Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na wengi hukomea hapo. Lakini wahenga haohao walisema pia kwamba hujafa hujaumbika. Anayevunja posa leo kwa sababu ya shavu la msichana, kesho aweza kumpakata mjukuu mwenye baka kubwa zaidi, katika ukoo ambao haukuwahi kulijua.